Doa Kwenye Fomu: Kununua Bima ya Gari Machakos Ukiwa na Historia Mbaya

"Mama, kwani watajuaje?"

Katika miaka niliyouza bima mjini Machakos, hakuna swali nililoulizwa mara nyingi kama hilo. Anayeuliza huwa ameijaza fomu ya maombi vizuri tu, jina, namba ya kitambulisho, namba ya gari, mpaka anapofika pale panapouliza kama amewahi kupata ajali, kushtakiwa kwa kosa la barabarani au kukataliwa na kampuni yoyote ya bima. Hapo kalamu inasimama. Anatazama mlangoni, anatazama dari, kisha ananitazama mimi kana kwamba ni mimi niliyekuwa nyuma ya usukani siku ile.

Mwongozo huu nimemwandikia huyo mtu wa kalamu iliyosimama. Pengine uliendesha matatu ya Nairobi kwa miaka saba na ukagonga mara tatu. Pengine ulilala seli usiku mmoja kwa sababu ya pombe, asubuhi ukalipa faini, ukadhani yameisha. Pengine ni mwanao aliyeliviringisha gari kwenye kona za Mua, lakini dai liliandikwa kwa jina lako. Sasa umetulia, una gari lako, na kila wakala unayempigia simu anakutajia bei ya kukufukuza. Bei hiyo hushuka. Kuficha hakuishushi, na huwezi kuishusha kabla hujajua kinachoipandisha hapa kwetu.

Watajuaje

Marekani, katika majimbo mengi, dereva aliyepatikana na kosa zito hulazimika kuwa na fomu inayoitwa SR-22. Kampuni yake ya bima huipeleka serikalini kuthibitisha kwamba ana bima, kwa kawaida kwa miaka mitatu, kisha sharti hilo humwisha. Kenya hatuna kitu kama hicho. Hutapewa karatasi na NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ya kusema kwamba sasa wewe ni mtu mwema. Rekodi yako imetawanyika: kipande kiko kwenye faili la madai la kampuni yako ya zamani, kipande kwenye OB, daftari la matukio la kituo cha polisi, kipande kwenye jalada la mahakama, na kipande kikubwa kiko kinywani mwako.

Kutawanyika huko ndiko kunakowaponza watu. Mwaka wa kwanza huenda kweli kampuni isijue lolote, kwa sababu haikutafuta. Inaanza kutafuta siku unapoleta dai. Mpelelezi anatumwa, anasoma OB, anapiga simu kwa kampuni uliyotoka, anaongea na fundi aliyekunyooshea bodi. Vyeti vya bima siku hizi ni vya kidijitali na hutolewa kupitia mfumo wa pamoja wa AKI, chama cha kampuni za bima, kwa hiyo si kazi kubwa kuona gari lilikatiwa bima wapi na lini.

Sasa tazama sheria inavyobana. Bima ya kuwalinda wengine barabarani imewekwa na Sura ya 405 ya sheria za Kenya. Sheria hiyo inamlinda sana aliyeumizwa: hata kama dereva alikiuka masharti fulani ya bima, kampuni mara nyingi hulazimika kumlipa majeruhi kwanza, kisha imgeukie mwenye gari imdai. Lakini imeachiwa mlango mmoja. Ndani ya miezi mitatu tangu kesi ya majeruhi ifunguliwe, kampuni inaweza kwenda mahakamani kuomba itamkwe kwamba bima ile ilipatikana kwa kuficha jambo muhimu. Ikishinda, inajitoa. Yule mwenda kwa miguu uliyemgonga karibu na soko la Masii hatakuwa na mtu wa kumdai ila wewe. Hapo hatuzungumzii tena bampa, tunazungumzia shamba.

Hata bima ikiwa safi, kumbuka kwamba tangu marekebisho ya mwaka 2006 sheria hiyo huibana kampuni kulipa mpaka shilingi milioni 3 kwa kila mdai. Mahakama ikitoa zaidi, kinachozidi ni chako, isipokuwa mkataba wako umepandisha kikomo hicho. Kwa mtu mwenye historia kama yako, ningeuliza kuhusu kikomo hicho kabla ya kuuliza bei.

Kwa hiyo andika ukweli, lakini uandike vizuri. "Ndiyo" tupu kwenye kisanduku inamwogopesha mpima hatari wa kampuni, kwa kuwa inamwacha akikisia mabaya zaidi ya yaliyotokea. Chukua karatasi ya pembeni, uandike mwezi na mwaka, mahali, nani alionekana na makosa, kampuni ililipa kiasi gani, na nini kimebadilika tangu siku hiyo. Mistari minne inatosha: niligonga gari kwa nyuma Mlolongo, kampuni ikalipa shilingi 140,000, wakati huo nilikuwa naendesha teksi usiku, sasa ni mwalimu na gari ni la nyumbani. Nimeona bei ikishuka kwa sababu ya karatasi kama hiyo. Sijawahi kuiona ikishuka kwa sababu ya kisanduku kilichoachwa wazi.

Bei inavyojengwa

Hakuna bei moja ya serikali. Kila kampuni ina viwango vyake, na Mamlaka ya Kusimamia Bima, IRA, huzisimamia. Ndugu zetu wa Tanzania wana maneno matamu ambayo nitayaazima, maana yetu ni marefu mno mdomoni: thadi pati wao huiita bima ndogo, na komprehensivu huiita bima kubwa. Bima ndogo hulipa uliowaumiza na ulichowaharibia, gari lako ni shauri lako. Bima kubwa huongeza gari lako mwenyewe.

Bima ndogo ya gari la nyumbani, kwa mwaka, mara nyingi huanzia karibu shilingi 7,500. Huku doa lako halipandishi sana, ila linaweza kukufanya ukataliwe. Mchezo wenyewe uko kwenye bima kubwa, kwa sababu hukokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari.

Chukua gari la shilingi 900,000. Dereva asiye na doa akipewa asilimia 4, atalipa 36,000. Wewe ukipandishiwa mpaka asilimia 6, utalipa 54,000. Juu ya hapo kuna makato ambayo hayana upendeleo: asilimia 0.2 ya mafunzo, asilimia 0.25 ya hazina ya kuwafidia wenye bima, na stempu ya shilingi 40. Kwako ni shilingi 283, jumla 54,283. Doa limekugharimu kama elfu kumi na nane kwa mwaka. Ni pesa, lakini lipime na shamba tulilolitaja. (Mwaka 2024 nusura tuongezewe mzigo mwingine: Mswada wa Fedha ulitaka kampuni za bima zikusanye kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, kuanzia 5,000 hadi 100,000, kila unapokata bima. Pendekezo hilo liliondolewa mwezi Juni mwaka huo. Wateja wangu walinipigia simu za hasira kama vile mimi ndiye Waziri wa Fedha.)

Nyongeza ile ya kutoka asilimia 4 hadi 6 ni sehemu moja tu ya adhabu. Sehemu nyingine imejificha kwenye ekses, yaani kiasi unachokibeba mwenyewe kwa kila dai. Mara nyingi ni asilimia 2.5 ya thamani ya gari, ikiwa na kima cha chini, na hupanda dereva akiwa kijana au mwenye leseni mpya. Gari likiibwa, kampuni nyingi hukata asilimia 10 kama lilikuwa na traka (kifaa cha kulifuatilia gari) na asilimia 20 kama halikuwa nayo. Kampuni inaweza kukutajia asilimia 4.5 ukafurahi, kumbe imekuwekea ekses mara mbili ya kawaida. Usilinganishe bei mbili kabla hujaona ekses zote mbili zikiwa zimeandikwa.

Machakos yenyewe

Watu hudhani kampuni ina ramani ukutani yenye rangi nyekundu juu ya Machakos. Kwa gari la nyumbani sijaona fomu inayotoza zaidi kwa sababu tu ya jina la kaunti. Jiografia huingia kwa mlango wa nyuma, kupitia maswali mengine: gari linalala wapi, linakwenda wapi kila siku, na madai ya tawi hili yamekuwaje. Ndiyo maana wakala wa hapa na wakala wa Nairobi wanaweza kukupa bei tofauti kwa gari lile lile.

Barabara ndiyo kwanza. Anayeishi mjini akafanya kazi mjini, kutoka Mumbuni hadi makao ya kaunti na kurudi, si sawa na anayeamka saa kumi alfajiri, akashuka mpaka Kyumvi, akaingia barabara ya Mombasa. Kuanzia hapo mpaka Mlolongo uko katikati ya malori ya kontena yanayotoka bandarini, ya saruji kutoka Athi River, na mabasi ya usiku yanayomalizia safari dereva akiwa amechoka. Ukizidi kwenda mbele unakutana na barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, ambayo wakati wa kurudi huwafanya watu watoke kwenye mwendo wa kasi na kuingia moja kwa moja kwenye msongamano wa Mlolongo. Barabara ya Kangundo ina matatu za Joska na Tala zinazopita popote penye upenyo. Upande wa Matuu ni barabara ya Garissa, imenyooka, inashawishi. Na kote kaunti hii kuna malori ya mchanga, ambayo dereva wake hulipwa kwa safari, si kwa saa.

Kwa hiyo, kama uliacha kusafiri kila siku, sema. Nilikuwa na mteja, nesi, aliyehamishiwa hospitali ya hapa mjini kutoka Nairobi. Alikuwa na madai mawili, yote ya barabara ya Mombasa, yote kabla ya saa mbili asubuhi. Aliendelea kulipa nyongeza kwa mwaka mzima kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba uhamisho wake ulikuwa habari ya bima. Tulipoambatanisha barua ya uhamisho, kampuni ilimpunguzia. Hakuongeza hata traka.

Pili ni boda boda. Dai la kugongana na gari huisha kwa fundi. Dai la kugonga pikipiki yenye abiria wawili huisha mahakamani, miaka mitatu baadaye, likiwa na ripoti za daktari. Wakati mwingine majeruhi nao wameongezeka njiani: mlipogongana walikuwa wawili, kwenye kesi wamekuwa wanne. Kampuni zinajua hilo, na IRA ina kitengo cha upelelezi wa ulaghai wa bima kinachofanya kazi na polisi tangu mwaka 2011. Kwa dereva mwenye historia, ningeshauri kamera ya dashibodi kabla ya urembo mwingine wowote wa gari. Kampuni huenda isikupunguzie hata shilingi kwa ajili yake. Lakini siku ya boda kutokea kando pale kwenye mzunguko, picha ile ndiyo itakayosema nani alikuwa na makosa, na makosa yakihamia upande wa pili, mwaka ujao rekodi yako inabaki safi.

Mifugo nayo. Ng'ombe na punda jioni kwenye barabara za Mwala na Masinga hawana taa za nyuma. Ukigonga ng'ombe, bima ndogo haitagusa gari lako. Bima kubwa italigusa, baada ya ekses, na dai litaandikwa kwako hata kama mchungaji alikuwa amelala chini ya mwembe.

Kisha mvua. Mwezi Aprili 2024 mto Athi ulifurika, maji yakaingia makazi ya Athi River na Mlolongo, magari yakaelea kwenye viwanja vya kuegesha. Bima nyingi kubwa hulipa mafuriko, lakini usidhani, soma. Gari lililokuwa limeegeshwa likafuatwa na maji ni dai moja. Gari uliloliingiza mwenyewe kwenye mto wa msimu huku watu wakikupigia mayowe ni dai jingine, na kampuni itauliza ulikuwa unafikiria nini. Desemba 2021 basi lilisombwa kwenye mto Enziu karibu na Mwingi, kwa majirani zetu wa Kitui, zaidi ya watu 30 wakafa, na maji yale kwa macho ya walio ukingoni yalionekana ya kuvukika.

Mwisho ni mahali linapolala. Plotini Mlolongo, nje ya geti, ni jibu moja. Ndani ya ua mtaani Kenya Israel, kukiwa na mlinzi, ni jibu jingine. Anwani iliyo kwenye logibuku haijalishi kama unaliacha gari nje ya nyumba ya rafiki Syokimau siku tano kwa wiki. Andika linapolala kweli. Wezi wa hapa mara nyingi hawachukui gari zima, wanachukua vioo vya pembeni na redio, na kwa vitu hivyo bima kubwa huwa na kikomo chake. Uliza kikomo ni kiasi gani, uliza pia kama kudai kioo kunahesabiwa kama dai.

Gari linafanya kazi gani

Hapa ndipo wengi wa wateja wangu wenye historia walipoharibikia, na ndipo wanapoweza kutengeneza haraka.

Bima ya gari la nyumbani hairuhusu kubeba abiria kwa malipo. Haijali kama ni kila siku au ni Ijumaa tu, ukitoka Nairobi, ukajaza viti vinne pale stegi ili mafuta yajilipe. Ikitokea ajali, abiria mmoja akasema kwenye taarifa yake ya polisi "nililipa mia tatu", umeshatoka nje ya mkataba. Probox na Sienta zimebeba lawama hii mpaka baadhi ya kampuni huziangalia kwa jicho baya hata zikiwa za mchungaji wa kanisa. Ukiwa na doa, halafu ukaleta Probox, jiandae kuulizwa maswali mara mbili. Huenda ukaombwa picha za gari, viti vyake, hata barua ya kazi. Zipeleke bila kununa.

Kama kweli unabeba watu, kwa programu ya teksi au kwa njia nyingine, kata bima ya biashara hiyo. Ni ghali, ndiyo. Lakini mwaka mmoja wa bima sahihi bila dai unajenga historia. Miaka mitano ya bima isiyo sahihi haijengi chochote, kwa kuwa siku ya kuihitaji inabomoka yote.

Aliyekuwa dereva wa matatu ana tatizo la pekee: bima ilikuwa ya mwenye gari, stika zikikatwa mwezi kwa mwezi, na yeye hana karatasi hata moja yenye jina lake. Rudi kwenye Sacco yako. Omba barua inayosema uliendesha kuanzia lini mpaka lini, na kama ulikuwa na ajali ngapi. Sacco zinazojiheshimu hutoa. Ikiwa ulikuwa na ajali moja katika miaka sita ya kuendesha kila siku, barua hiyo inakutetea kuliko ukimya, maana kilomita ulizokwenda ni nyingi kuliko za mwalimu mkuu katika maisha yake yote.

Na umtaje kila anayeendesha. Bei yako inaweza kuwa juu kwa sababu ya kijana wako wa miaka ishirini mwenye leseni ya mwaka jana, si kwa sababu yako. Kama hataendesha, muulize wakala kama anaweza kuondolewa kwa maandishi. Kisha, jamani, mfiche funguo.

Madai madogo ndiyo yanayokuchora

Kijana mmoja alikuja kwangu amekasirika. Amekataliwa na kampuni mbili, na anaapa hajawahi kupata ajali kubwa. Ni kweli. Alikuwa na madai matano katika miaka miwili: bampa, taa, bampa, mlango, bampa. Kwa mpima hatari, matano ni matano.

Piga hesabu. Gari ni la 900,000, ekses ni asilimia 2.5, yaani 22,500. Fundi anataka 28,000. Kampuni itakulipa 5,500. Kwa elfu tano na mia tano umejiandikia dai, umepoteza punguzo la kutodai ambalo kampuni nyingi hulitoa kila mwaka, na umeongeza mstari kwenye historia unayojaribu kuisafisha. Lipa mwenyewe. Lakini kama kuna mtu mwingine kwenye tukio, gari lake au mguu wake, lazima uripoti polisi na kwa kampuni, hata mkielewana pale pale na kupeana mikono. Mikono hiyo husahaulika wiki ya tatu, anapopata wakili. Kuripoti na kudai ni vitu viwili, na barua yako kwa kampuni inaweza kusema wazi kwamba unaarifu tu, hudai chochote kwa gari lako.

Na usipunguze thamani ya gari ili kupunguza bei. Ukisema gari la 900,000 ni la 600,000, utalipa theluthi moja pungufu. Ukipata hasara ya 300,000, kampuni itasema ulikata bima ya theluthi mbili tu, itakulipa 200,000, kisha itoe ekses. Kampuni nyingi zenyewe hulipia ukaguzi wa thamani, kwa hiyo huna sababu ya kukisia.

Bei rahisi kupita kiasi

Mtu aliyekataliwa sehemu tatu huwa na shukrani hatari. Anayemkubali wa nne anaonekana malaika. Kabla hujalipa, tazama orodha ya kampuni zenye leseni ambayo IRA huitangaza kila mwaka, kisha uulize wenye matatu wanasema nini kuhusu ulipaji wake. Wao ndio hujua kwanza. Wakenya wa umri wangu wanakumbuka United Insurance ilivyowekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, na Blue Shield mwaka 2011. Wenye magari waliokuwa wamelipa kila mwezi walijikuta peke yao mbele ya hukumu za mahakama, na wengine magari yao yalipigwa mnada. Ile hazina unayoichangia asilimia 0.25 ipo kwa ajili ya siku kama hizo, lakini hulipa mpaka shilingi 250,000 kwa dai. Kwa mguu uliovunjika, hiyo haifiki.

Lipa kwa kampuni yenyewe, kwa namba yake ya malipo, kamwe si kwa simu ya wakala, hata kama wakala huyo ni mimi. Kisha hakiki cheti chako kwenye mfumo wa AKI siku ile ile. Bima haianzi mpaka pesa ziwe zimefika.

Ukikataliwa kabisa

Tuseme hakuna anayekupa bima kubwa. Usiruke kwenda kudanganya. Kata bima ndogo ya mwaka mzima, si ya mwezi mwezi, kwa kampuni ambayo ungetaka ikukubali baadaye. Mwaka huo usipate dai lolote. Kampuni hiyo itakuwa imekuona, na utakapoomba bima kubwa hutakuwa mgeni.

Baadhi watakukubali kwa masharti: traka, ekses ya juu, dereva mmoja tu, fundi wao tu. Ukiweza kuyabeba, yakubali, na uandikiwe yataisha lini. Kwa maoni yangu, ekses ya juu ndiyo sharti bora kwa mtu aliyebadilika kweli, kwa sababu inamuumiza tu akigonga. Nyongeza ya asilimia inamuumiza hata akikaa nyumbani.

Na kama gari lako lina thamani ya shilingi 300,000 na limefika miaka kumi na tano, ambapo kampuni nyingi huacha kutoa bima kubwa, achana nayo. Weka hizo pesa kwenye akaunti ya pembeni. Nimewaona watu wakihangaika mwaka mzima kutafuta bima kubwa kwa gari ambalo breki zake ndizo zilizohitaji pesa hizo.

Bahasha

Unapokwenda kuomba bei, nenda na bahasha: leseni isiyokwisha muda, logibuku, barua ya historia ya madai kutoka kampuni ya zamani (iombe kwa maandishi, wengine huivuta), nakala ya abstrakti ya polisi kama kulikuwa na ajali, hukumu au risiti ya faini kama kulikuwa na kesi, barua ya mwajiri au ya Sacco, na ile karatasi yako ya mistari minne. Omba bei kwa maandishi sehemu tatu. Kila moja iwe imeandika asilimia, ekses, kikomo cha majeruhi, na neno "nyongeza" kama ipo, pamoja na sababu yake. Nyongeza isiyoandikwa sababu haiwezi kujadiliwa mwaka ujao, kwa sababu hakuna atakayekumbuka ilitoka wapi.

Ukikwama kwenye dai ambalo kampuni imeshalikubali, Sheria ya Bima inaipa siku 90 kulilipa. Zikipita, andikia IRA. Kumbukumbu za simu hazisaidii, andika barua.

Siku 30 kabla bima haijaisha, usisubiri ujumbe wa simu. Nenda na bahasha ile ile, ikiwa na mwaka mmoja zaidi usio na dai, uulize nyongeza inashuka kwa kiasi gani. Wakisema haishuki, nenda sehemu ya pili na ya tatu kabla tarehe haijafika. Usiache pengo hata la siku mbili kati ya bima ya zamani na mpya: trafiki wa Kyumvi hawatakuelewa, kuendesha bila bima ni kosa linaloweza kukupeleka kizimbani na kukunyang'anya leseni, na kwenye fomu inayofuata utalazimika kuandika kwamba kuna siku mbili ulikuwa huna bima, ukianza upya kueleza kwa nini.